Pemba za Mwisho za Mama

Tarehe kumi na mbili mwezi wa pili, siku ya Jumatano, kabla ya saa nne asubuhi, mama yangu alikufa. Alituacha sisi watoto watano, mbuzi mmoja mwenye hasira, na ndoo ya pemba ambayo hakuwahi kuiuza. Dada zangu waligawana nguo. Mbuzi alikwenda kwa mjomba. Mimi nilichukua ndoo, na hakuna aliyegombana nami.

Kwa asiyejua, pemba ni udongo wa kula. Mama aliuchimba kando ya barabara inayopanda Fizi, mahali mlima ulipokatwa ukabaki ukuta wa kijivu. Aliutwanga, akauchekecha, akautia maji na chumvi kidogo, akaufinyanga vipande virefu kama kidole. Vikishakauka juani alivipanga juu ya moshi uleule wa kukaushia samaki, ndiyo maana pemba yake ilinukia mgebuka kwa mbali. Wateja walisema ya wengine ni udongo tu. Kabla ya kuanika alikibonyeza kila kipande mara moja kwa dole gumba, na dole hilo lilikuwa na kovu la kisu lililokatiza katikati, kwa hiyo kila kipande kilibaki na kishimo chenye mstari. Nilipomuuliza kwa nini anabonyeza, alisema kisipobonyezwa kinapasuka. Sijui kama ni kweli. Vya wengine havibonyezwi na sijaviona vikipasuka.

Wateja wake karibu wote walikuwa wanawake wenye mimba. Alikaa meza moja ya soko la mji wetu, Baraka, zaidi ya miaka ishirini, na alijua mimba za watu kabla ya waume zao. Hata yangu aliijua. Wiki moja kabla ya kufa, akiwa kitandani na presha yake, alinitazama shingoni.

"We uko na mimba," akasema.

"Hapana, mama."

"Usiniambie hapana. Musipa iko naruka apa." Akanigusa chini ya koo.

Nilihesabu siku nikaona amesema kweli. Mume wangu nilimwambia baada ya kilio. Ni mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa usiku, na siku hiyo alikuwa ametoka ziwani na usingizi, akasema "vizuri sana" akalala. Alipoamka aliniuliza kama nilimwambia kitu au aliota.

Wakati wa kilio sikuweza kula. Ugali ulinishinda, samaki alinishinda, hata harufu ya mafuta ya mawese ilinitoa nje. Siku ya nne, watu walipokuwa wanakunja mikeka, niliingia chumbani kwa mama nikafungua ndoo. Ilikuwa ndoo nyeupe ya rangi ya nyumba, yenye mfuniko mgumu. Nilitoa kipande kimoja, nikaweka dole langu pale alipoweka lake. Lilienea. Halafu nikakitia mdomoni. Sikuwa nimekusudia. Kilivunjika polepole, chumvi ikaja, moshi ukaja, na tumbo langu likatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nilikula cha pili. Nilijisikia vizuri, na sitasema vingine kwa sababu ya mambo yaliyokuja baadaye.

Niliporudi sokoni nilishika meza ya mama, lakini niliweka ndagala juu yake. Ndoo niliiweka chini, katikati ya miguu. Jirani yangu wa meza anauza nyanya. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, namwita yaya, yaani dada mkubwa, naye ananiita mudogo. Mdomo wake haulali. Wateja wa mama walikuja mmoja mmoja na matumbo yao.

"Pole kwa mama. Pemba iko?"

"Iliisha," nilijibu.

"Iliisha ku meza," yaya akasema, akiwa anapanga nyanya zake. "Ku mudomo wake iko."

Wateja walicheka wakaenda kwa wauzaji wengine. Mimi nilitafuna.

Mimba ilipofika mwezi wa nne nilikwenda sepeene, ndivyo tunavyoita kliniki ya wajawazito. Ile ya mtaani kwetu ina vyumba viwili, veranda yenye benchi, na mlinzi mzee anayekaa mlangoni na redio yake. Muuguzi ni mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hupati kujua kama amekasirika au hapana. Alinivuta kope ya chini akatazama. Akatazama na viganja vyangu. Akanichoma kidole, akadondosha tone la damu kwenye karatasi ndogo, akangoja kidogo, halafu akaliweka kwenye kadi yenye rangi nyekundu zilizopangwa kuanzia iliyofifia mpaka iliyoiva, kila moja na namba yake, kama mistari ya vitenge dukani. Nilitegemea damu yangu itakuwa nyekundu kama ya watu wote. Ilikuwa kama Fanta ya grenadini, ile nyekundu, iliyotiwa maji.

"Nane," akasema. "Tunatafuta kumi na mbili, ama kumi na moja ikikuwa ngumu. Unasikiaka kizunguzungu?"

"Kidogo."

"Ukipanda na ndoo ya maji unapumuaka?"

"Kila muntu anapumuaka, mama muganga."

Hakucheka. "Unakulaka pemba?"

"Hapana," nikasema.

Alikuwa bado ameshika pamba aliyonifutia kidole. Aliigeuza upande safi, akanyoosha mkono, akanifuta pembe ya mdomo taratibu, kama mtu anavyomfuta mtoto uji. Pamba ikatoka na kijivu. Aliitazama, mimi nikaitazama, akaitupa ndani ya kopo.

"Sawa," akasema.

Alinipa vidonge vya chuma, vyekundu, kimoja kila siku. Nisivimeze na chai. Nivimeze na maji, nikipata chungwa ama ndimu vizuri zaidi. Choo kitakuwa cheusi nisiogope. Hili la mwisho sikulisikiliza vizuri, kwa hiyo siku ya tatu niliogopa peke yangu chooni kwa muda mrefu.

Habari kwamba sina damu ilifika kwa mama mkwe kabla yangu. Nadhani ilipita kwa yaya. Mama mkwe ni mtu wa vitendo. Jioni ileile alikuja na kopo la nyanya na chupa ya Fanta nyekundu, akavichanganya kwenye kikombe mpaka vikawa kitu kizito kama damu ya kweli, akasimama mbele yangu.

"Kunywa, mukwe. Hii inaingia moja kwa moja."

"Mama, inaingiaje?"

"We unaona rangi yake, unauliza tena?"

Nilikunywa. Kesho yake alileta viazi vyekundu vya bustani kutoka kwa mtu wa kule Nundu, keshokutwa maharage mekundu. Kila chenye rangi hiyo kilipita mlangoni kwetu. Mume wangu naye alileta maini ya mbuzi, akayabeba mkononi barabara nzima ili watu waone. Maini nilikula kwa furaha, pamoja na mboga za majani, lengalenga na matembele, na baadaye muuguzi alisema hayo ndiyo yalikuwa na kazi, yale ya Fanta ni sukari.

Vidonge nilivimeza bila kuruka hata siku moja. Hapo nilikuwa mwaminifu. Lakini vilikuwa na ladha mbaya, kama kulamba msumari wenye kutu, na ladha hiyo ilipanda na kukaa kooni. Nilikuwa na dawa yake karibu. Nikimeza kidonge, nakula pemba juu yake, ladha inakwisha. Kidonge, pemba. Kila jioni, miezi miwili. Nilijiona nimepanga mambo yangu vizuri, kidonge kwa ajili ya mtoto na pemba kwa ajili yangu.

Mwezi wa tano wa mimba kadi ilisema nane. Mwezi wa sita ikasema nane, na muuguzi alirudia kunichoma kidole kingine, ikasema nane.

"Dawa unameza?"

"Nameza. Naapa kwa kaburi ya mama."

Hili nililiapia kwa kuwa lilikuwa kweli. La pemba hakuniuliza tena, na mimi sikumwambia. Alifunga kadi.

"Sikia, mama. Ikibakia hivi, hapa hauzali. Utaenda hospitali, na utatafuta batu batatu ba kukupa damu. Watatu, si mmoja. Ukitoka damu kidogo tu wakati wa kuzaa, hauna ya kupoteza. Umeelewa?"

Nilielewa. Mwaka uliopita, mke wa mvuvi anayefanya kazi na mume wangu alizaa vizuri, akamshika mtoto, akasema anasikia baridi, na kabla ya mchana hakuwepo. Nilikuwa miongoni mwa waliowapikia watu kilioni siku hiyo. Niliporudi nyumbani kutoka sepeene nilikaa kitandani, nikaweka mkono juu ya tumbo, nikaona kwamba mtoto huyu anaweza kuanza kama mimi nilivyo sasa, bila mama. Halafu nikala pemba mbili.

Mume wangu aliwaita ndugu zake watatu kuhusu damu. Wa kwanza alikumbuka safari ya kwenda Mboko. Wa pili alisema yeye mwenyewe damu yake ni ya shida. Wa tatu alikubali, akauliza wanatoa kwa sindano ama wanakata, na tangu siku hiyo alianza kupita barabara ya nyuma. Yaya aliposikia alisema, "Baandike jina yangu. Ile damu iko nyingi, inanipandaka ku kichwa kila siku."

Siku moja ya soko, muuguzi alikuja kununua nyanya. Sikumwona. Nilikuwa nimeinama, nimefungua ndoo, kipande kimoja mdomoni na kingine mkononi. Nilipoinua kichwa niliona viatu vyake, halafu sketi yake, halafu uso. Yaya alishika nyanya moja akaifuta kwa kitenge chake mpaka ikang'aa.

Muuguzi alivuta kigoda cha yaya akakaa upande wangu wa meza. Alichagua nyanya kumi bila haraka, akazilipa, ndipo akaniambia kwa sauti ile yake ya chini.

"Unamezaka kidonge saa ngapi?"

"Mangaribi."

"Na pemba?"

"Pale pale. Inaondoa ile utamu mubaya ya dawa."

Alifunga macho kidogo. "Basi ile dawa nakupatiaka, pemba ndiyo inakula. Kidonge kinashuka, kinakuta udongo imekaa mu tumbo, udongo inakishika, inatoka nacho. We unanipa kazi ya bure miezi miwili. Hata maini ya bwana yako, udongo imekula."

"Maini yote?" yaya akauliza.

"Nyamaza, yaya," nikasema.

Nilitaka kusema nitaacha. Badala yake nilimwekea kipande kimoja mkononi, upande wa kishimo juu. Nikamwambia mama alikufa mwezi wa pili, na hizi ni za mwisho, na kwamba ule mstari ni kovu lake. Nikamwambia zimebaki arobaini na moja, nazihesabu kila siku, na zikiisha sijui nitamgusa wapi. Maneno hayo sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu.

Muuguzi aliweka dole lake kwenye kishimo. Lake lilikuwa dogo, lilipotea ndani.

"Minajua hii mukono," akasema. "Mama yako aliniuzia mimba mbili. Ya kwanza na ya pili. Ile ya pili damu iliisha, nikaanguka mbele ya mulango ya kanisa ku arusi ya watu, bibi arusi akafikiri nimeingiwa na pepo."

Hakunihubiria. Alisema ndoo ina mfuniko mzuri, na yeye ana kabati la dawa lenye kufuli. Nimpe ndoo aiweke mpaka nizae na damu irudi. Hakuna atakayekula, hakuna atakayetupa.

Kesho yake nilimpelekea. Ndani kulikuwa na thelathini na nane. Tatu nilizificha ndani ya kiatu cha mume wangu cha kanisani. Wiki ile ya kwanza nilikula moja, nikiwa nimemeza kidonge asubuhi ili angalau visikutane. Wiki ya pili nilikula nyingine. Ya tatu mume wangu aliikanyaga Jumapili, akaitoa kiatuni, akauliza kama kuna panya wanaojenga. Unga wake niliufuta kwa kitambaa. Mdomo wangu ulikuwa unauma kwa hamu, nilitafuna vijiti, nilitafuna barafu ya kwa muuza soda, nilimwambia yaya anipige nikiomba pemba kwa wengine. Alinipiga mara mbili, na mara ya pili sikuwa nimeomba.

Kadi ya mwezi wa nane ilisema kati ya nane na kumi. Ya mwezi wa tisa ilisema kumi. Muuguzi alitazama kadi, akatazama tumbo langu.

"Kumi si ya kuchezea," akasema. "Utaenda hospitali tu."

Uchungu uliponianza nilikwenda kwa pikipiki, mama mkwe nyuma yangu amenishika kama gunia, yaya kwenye pikipiki nyingine akiwa na nyanya mapajani kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Mtoto alizaliwa mchana, msichana, sauti kubwa. Halafu damu ikaja, nyingi kuliko walivyotaka. Nakumbuka wakinibonyeza tumbo, nakumbuka mtu akisema miguu iinuliwe, na nakumbuka baridi. Niliijua ile baridi. Nilimfikiria mke wa yule mvuvi. Nilitaka kusema nasikia baridi, nikaogopa kulisema.

Walimpima yaya, ikalingana. Alilala kitanda cha pili, mkono umenyooshwa, na alizungumza muda wote. Nilisikia akimweleza daktari bei ya nyanya za Mboko na za hapa. Chupa moja ilitosha. Damu yenyewe ilikuwa imekoma, na baadaye waliniambia kwamba kama ningefika na ile nane yangu, wangekuwa wanatafuta watu barabarani.

"Sasa uko na damu yangu," yaya aliniambia jioni. "Tutaona kama utabakia kimya yako."

Nilirudi nyumbani na vidonge vingine vya chuma, vya miezi mitatu. Nilidhani ukishazaa mambo yamekwisha. Hayakuisha. Wiki za kwanza nilikuwa nikisimama ukuta unasogea. Nilimnyonyesha mtoto nimeegemea mlango. Mama mkwe alileta maharage, na Fanta yenye nyanya pia alileta, akaiweka mezani, na siku hizo mume wangu ndiye aliyeinywa ili asimwudhi. Alisema anasikia nguvu.

Mtoto alipofikisha miezi miwili nilimpeleka sepeene kwa sindano yake na mimi kwa kadi yangu. Nilipumua vizuri njia nzima, ndipo nilipogundua kwamba zamani nilikuwa nasimama mara mbili kwenye kile kilima. Muuguzi alimchoma mtoto, akanichoma mimi, akaweka tone kwenye kadi. Liliangukia kati ya kumi na kumi na mbili.

"Tuandike kumi na moja," akasema, akaandika.

Kisha akafungua kabati, akatoa ndoo, akaiweka mezani. Nilifungua mfuniko nikahesabu, kwa mazoea. Nikahesabu tena. Zilikuwa thelathini na tatu.

Nilimtazama. Alikuwa anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilichukua pamba kwenye meza yake, nikanyoosha mkono, nikamfuta pembe ya mdomo. Ikatoka na kijivu.

"Kuna mimba?" nikauliza.

"Hapana. Ni hamu tu." Halafu akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka. "Chukua ndoo yako. Minashindwa kujiamini."

"Hata miye sijiamini," nikasema. "Niko na dawa ya mwezi moja bado."

Tukakaa tukiitazama. Nje redio ya mlinzi ilikuwa inatoa habari za mpira. Muuguzi alimwita. Alikuja, mzee, na koti lake.

"Baba, wewe unakulaka pemba?"

"Hiyo ni ya bamama," akasema, kama amedharauliwa.

Muuguzi alimpa ndoo. Mzee aliipima uzito mikononi, akaniuliza ndani kuna nini.

"Ni vitu vya mama," nikasema.

Alitoka nayo, akaisukuma chini ya benchi lake, nyuma ya tochi na mwavuli, akakaa juu yake, akaongeza sauti ya redio. Muuguzi alifunga kabati akaita anayefuata.